Tangu aache sigara analala kutwa: ni arosto, ni dawa, au ugonjwa umerudi?

Shikamoo Shangazi,

Naomba uniite Mama Shamsa, na ukiichapa barua hii usitaje mtaa wetu. Sema tu Dodoma mjini, inatosha.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Miaka kadhaa nyuma aliugua na hatukujua ni kitu gani. Alianza kuamka saa nane za usiku anachora mageti kwa chaki kwenye ukuta wa sebule, geti lenye simba wawili, geti lenye tausi, huku anaongea mpaka sauti inakauka. Mchana anapokea oda za watu asiowajua, anakopa vyuma, akampa kijana mmoja pikipiki yake bure eti Mungu amemfungulia milango. Baada ya hapo akashuka. Akawa mtu wa kulala amegeukia ukuta, hata kuoga hataki. Ndugu zake wa Kondoa walisema ni majini, tukazunguka sana kwa masheikh, mwisho kaka yake akampeleka Mirembe, hospitali ya akili. Akalazwa, tukaambiwa ni bipola, ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka. Tangu hapo anakunywa olanzapini usiku na sodiamu valproeti asubuhi na jioni, na nashukuru Mungu alitulia kweli. Majirani waliohamia karibuni hawajui lolote.

Sasa sigara. Alikuwa anamaliza pakiti kwa siku, kazi zikiwa nyingi anazidisha. Nilisema nikachoka. Kilichomwachisha si maneno yangu. Siku moja alimkuta Shamsa, mwenye miaka minane, ambaye ndiye alikuwa akimtuma dukani kununua, ameshika kipande cha chaki kwa vidole viwili, anavuta, anapuliza, na majivu anakung'uta kabisa. Baba yake hakusema neno. Ramadhani ilipoingia akapunguza, Idi ilipopita hakurudia tena. Nilifurahi kama nini.

Furaha haikukaa. Siku za mwanzo alikuwa mkali, mteja akiuliza bei mara mbili anafokewa, nami nilirushiwa bakuli la mlenda kwa ajili ya chumvi. Hilo nililitegemea, watu walishanionya kuhusu arosto, yale mateso ya mwili kuidai sigara. Kinachonichanganya ni yaliyofuata. Analala! Akinywa dawa saa tatu usiku, saa mbili asubuhi namtikisa ndipo aamke, na mto umelowa mate. Akiinuka ghafla anashika ukuta. Majuzi alisinzia na koleo la kuchomelea mkononi, bahati kijana wake akawahi kuzima mashine. Halafu kuna usiku mwingine halali kabisa. Anatoka kijiweni kunywa kahawa, anajigeuzageuza kitandani mpaka adhana ya alfajiri, kesho yake ni mbogo.

Sasa anasema dawa ndizo zinazomuua. Anasema sigara ameiacha kwa nguvu zake mwenyewe, basi na dawa ataziacha hivyohivyo. Nikitandika kitanda nimekuta vidonge chini ya godoro.

Mama mkwe anasema, "Mrudishieni sigara yake. Mtu wa maradhi haya mkimnyima starehe yake moja mtamrudisha kule." Shemeji anasema ugonjwa umeshaanza tena. Mzee jirani kaleta ugoro kwenye karatasi, eti utamsaidia. Mimi kazi yangu sasa ni kunusa mashati, kuhesabu vidonge na kumchungulia akilala. Ameniambia, "Mama Shamsa, siku hizi huna mume, una mfungwa." Yaliniuma.

Na kuna kazi imejitokeza, madirisha ya jengo huko Mtumba, hela nzuri ila wanataka haraka. Yeye anaitaka sana. Nimkatalie? Na hii hali ni nini hasa, Shangazi?

Mama Shamsa, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Lililo la haraka nalitanguliza. Wiki hii hii, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye cheti, nenda naye kliniki anakochukulia dawa, mkawaambie neno moja kabla ya mengine yote: ameacha sigara. Beba na paketi za dawa zenyewe, zikiwemo hizo za chini ya godoro. Mpaka hapo asishike mashine ya kuchomelea wala grenda, na asiendeshe pikipiki. Sigara msimrudishie. Dawa asiache, na wewe usimpunguzie hata nusu kidonge kwa kukisia.

Nimekuwa muuguzi wa wodi za akili miaka mingi kabla ya kustaafu, na barua yako niliposoma pale kwenye mate ya mto na kushika ukuta, mawazo yangu hayakwenda kwenye arosto wala kwenye ugonjwa. Yalikwenda kwenye olanzapini. Mimi simwoni mumeo, daktari ndiye atakayesema, ila nikueleze kwa nini nadhani hivyo, kwa sababu jambo hili wagonjwa wengi na ndugu zao hawajawahi kuambiwa.

Tumbaku ikiungua, moshi wake una kemikali zinazolichochea ini livunjevunje baadhi ya dawa haraka kuliko kawaida. Olanzapini ni mojawapo. Mvutaji wa pakiti kwa siku anakunywa kidonge, ini linakiwahi, kinachobaki kwenye damu ni kidogo. Madaktari wanampandishia dozi mpaka atulie, na dozi hiyo inakuwa imepimwa mtu akiwa anavuta. Ni ndoo yenye tundu, mmezoea kumimina maji mengi ili ibaki nusu. Siku anaacha sigara tundu linazibika, na ninyi bado mnamimina yaleyale. Ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya siku chache hadi wiki hivi, na kidonge kilekile, cha rangi ileile, kinakuwa kikali zaidi mwilini. Usingizi mzito, mate, kizunguzungu mtu akisimama, kuyumba, mwili kukakamaa: hiyo ndiyo sura ya dawa iliyozidi.

Angalia basi alichokuambia mumeo. Amesema dawa zinamuua. Ninyi mmeyasikia kama maneno ya mgonjwa anayetafuta kisingizio, lakini katika hili huenda yeye ndiye mwenye haki kuliko wote hapo nyumbani. Anachokihisi ni cha kweli, ila tiba yake ni daktari kupunguza dozi na siyo yeye kutupa vidonge. Nenda ukamwambie hivyo hivyo: "Baba Shamsa, ni kweli dawa imezidi, na imezidi kwa sababu umeacha sigara. Twende wakaipime upya." Utaona uso wake. Mtu aliyekuwa anabishana na nyumba nzima akisikia kwamba hisia zake zina maelezo, mara nyingi ugomvi unaisha hapo. Kinyume chake, akiendelea kuzificha chini ya godoro, atatoka kwenye dozi iliyozidi aingie kwenye hakuna dozi kabisa, na kuacha dawa za bipola ghafla ni njia fupi ya kurudi kwenye yale mageti ya saa nane usiku.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, tafadhali ukariri. Daktari akishampunguzia dozi, halafu mumeo akarudia sigara, ini litaanza tena kuiwahi dawa, na dozi mpya itakuwa ndogo mno. Ndiyo maana akiteleza nataka kliniki ijue, na ili ijue lazima yeye aweze kukuambia bila kuogopa. Kila unaponusa shati, unamfundisha kuvaa shati jingine. Watu wengi huacha sigara, wakarudia, wakaacha tena, ndipo ikakoma kabisa, na wake zao hawakufukuza mtu. Akikuambia "leo nimevuta," mjibu "asante kwa kuniambia, zilikuwa ngapi?" na isiendelee zaidi ya hapo usiku huo.

Kwa wasomaji wengine wenye wagonjwa: klozapini, dawa nyingine ya akili, inaathirika vivyo hivyo na hatari yake ni kubwa zaidi, kwa hiyo anayeitumia asiache sigara kabla hajaonana na daktari wake. Kloropromazini na haloperidoli nazo zinaguswa kwa kiasi. Sodiamu valproeti na lithiamu, nayo ni dawa ya bipola, hazina tatizo hili la moshi.

Kahawa sasa, na hapa ndipo nadhani siri ya zile siku asizolala ilipo. Kafeini inavunjwavunjwa na njia ileile ya ini. Mvutaji anaweza kunywa vikombe vya kijiweni kimoja baada ya kingine na kashata mkononi, akaenda kulala vizuri. Akiacha kuvuta, kafeini ya vikombe vilevile inaweza kufika karibu mara mbili kwenye damu. Moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unakimbia, na kila mtu anasema ni arosto. Kwa mtu mwingine ni kero tu. Kwa mwenye bipola kukosa usingizi ni mlango: usiku kadhaa wa kukesha unaweza wenyewe kumwamsha ule ugonjwa. Apunguze kahawa nusu, na baada ya saa nane mchana asinywe kabisa. Simwambii aache kijiwe. Bao, drafti na wenzake anavihitaji kipindi hiki kuliko wakati wowote, akae tu upande usio na moshi na anywe chai ya tangawizi. (Mwenye kutumia lithiamu asipunguze kahawa kwa kishindo bila kumweleza daktari, maana lithiamu inaweza kupanda.)

Unauliza utajuaje kama ni arosto au ugonjwa. Hapa sitakupa orodha ya kubandika ukutani, kwa sababu dalili zinafanana sana ukizitazama moja moja. Hasira ipo kote, usingizi mbovu upo kote, kutotulia kupo kote. Tazama mambo mawili: uelekeo, na anavyoamka.

Arosto ya nikotini inakuja na kishindo. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote, kisha inapungua pole pole, na ndani ya wiki mbili hadi nne nyingi yake inakuwa imeisha. Hamu ya sigara inapompanda ni ya dakika chache tu, anywe maji, atoke nje, atafune kitu, inapita. Kwa hiyo kila wiki inapaswa kuwa nafuu kuliko ya nyuma yake. Ugonjwa wa kupanda unakwenda kinyume: unaanza mdogo, karibu unapendeza, mtu mchangamfu, kazi zinakwenda, halafu kila siku inazidi ya jana.

Anavyoamka ndiyo alama ninayoiamini zaidi. Mtu wa arosto, au wa kahawa, anautaka usingizi na hauji. Asubuhi macho mekundu, kachoka, kakasirika. Wewe umeandika "kesho yake ni mbogo", na neno hilo limenituliza kidogo. Mtu anayepanda analala kwa muda wa saa mbili au tatu tu, anaamka ana nguvu kuliko wewe uliyelala saa nane nzima, na ukimwambia apumzike anakushangaa. Hauhitaji usingizi. Hilo likitokea usiku mbili mfululizo, pamoja na maneno ya haraka, mipango mikubwa, pesa kutoka ovyo au chaki kurudi ukutani, usingoje Ijumaa wala usingoje kikao cha ndugu. Mpeleke.

Kushuka nako kusikupite. Kuacha sigara kunaweza kuleta unyonge wa siku chache, ni kawaida. Lakini akiwa hana ladha ya kitu chochote, hata ya Shamsa, kutwa nzima, siku baada ya siku kwa wiki mbili, hiyo ni sonona. Akitamka kwamba ni heri asingekuwepo au kwamba ninyi mtapumzika akiondoka, usimwache peke yake, dawa zote zikae kwako, na mwende hospitali saa hiyohiyo. Hospitali yoyote iliyo karibu itampokea kwanza, na mna bahati Mirembe iko mjini humo humo. Najua watu wamelifanya jina la hospitali ile kuwa utani na tusi. Wacha watanie. Wewe umeshaona mumeo alivyoingia na alivyotoka. Vilevile akiwa hawezi kuamshwa, anaongea ovyo asijue alipo, au ana homa kali na mwili umekakamaa kama gogo, hiyo ni dharura, usiseme ni usingizi.

Usingizi wake uandikwe, basi. Tafuteni ile kalenda ya bure ya dukani, kila asubuhi aandike amelala saa ngapi mpaka saa ngapi, alikunywa vikombe vingapi vya kahawa, na kama alivuta. Aandike yeye kwa mkono wake. Kalamu ikiwa kwako, kalenda inakuwa faili la polisi. Ikiwa kwake, ni kumbukumbu yake ya kumwonyesha daktari, na daktari ataipenda kuliko maelezo yenu wote wawili.

Lile la mfungwa limekuuma kwa sababu lina ukweli ndani yake, na nasema hivi nikijua woga unautoa wapi. Umeona alivyoharibika safari ile, nani asingechungulia? Lakini mwenye bipola anabeba mzigo ambao sisi wengine hatuujui: hana ruhusa ya kukasirika. Mteja akimdhulumu akafoka, watu wanatazamana. Akicheka sana, wanatazamana tena. Swali la "umekunywa dawa?" likitoka katikati ya ugomvi, maana yake kwake ni kwamba hoja yake haina uzito, ni ugonjwa unaongea. Liondoe kwenye ugomvi kabisa. Liwe na saa yake, saa tatu usiku, dawa na glasi ya maji mezani, basi. Bakuli lile la mlenda lijadili kama bakuli: "Sipendi kurushiwa vitu, usirudie." Bipola wala arosto haimpi mtu kibali cha kukurushia vyombo, na akirudia au akikuinulia mkono, wewe na mtoto mtoke kwanza, mengine baadaye.

Akishapimwa upya na akachangamka kidogo, kaeni chini mpatane, kwa maneno yake yeye, dalili zipi akiziona kwake zinamaanisha twende kliniki bila ubishi, nani apigiwe simu, na nani ashike hela kwa muda huo. Kaka yake aliyempeleka safari ile awepo. Makubaliano aliyoyatoa mwenyewe akiwa mzima yanasikika vizuri zaidi siku ugonjwa ukimpanda.

Mama mkwe hana nia mbaya. Amewahi kumwona mwanawe kwenye hali ya kutisha, na sigara anaiona kama kitulizo. Hata mvutaji mwenyewe anaiona hivyo. Ila fikiri: nikotini inaingia ubongoni ndani ya sekunde, na baada ya saa mbili hivi nusu yake imeondoka mwilini. Mwili unaanza kudai, mtu anakosa raha, anavuta, anatulia, anasema sigara imenituliza. Imemtuliza kutokana na kero iliyoileta yenyewe. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26 zilizolinganisha walioacha na walioendelea: walioacha walikuwa na wasiwasi na sonona kidogo kuliko walioendelea kuvuta, na ilikuwa hivyo hata kwa wenye maradhi ya akili. Na kuna hili ambalo mama atalielewa haraka zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye maradhi makubwa ya akili hufa mapema kwa miaka 10 hadi 20 kuliko wengine, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ni moyo, mapafu na maradhi mengine ya mwili yanayozuilika. Mwambie kwa heshima, "Mama, tunataka akuzike yeye, usimzike wewe." Wamama wa makamo yangu tunaelewa lugha hiyo.

Ugoro mrudishie mzee na shukrani. Ni tumbaku, una nikotini ileile, nao una madhara yake mdomoni na puani. Kama hamu inamshinda, kuna plasta na bazoka za nikotini ambazo daktari anaweza kumwelekeza, hizo hazina moshi kwa hiyo hazibadilishi habari ya olanzapini. Lakini ziko pia dawa za vidonge za kuachia sigara, na mojawapo, bupropioni, ni dawa ya sonona ambayo inaweza kumpandisha mwenye bipola, tena inaweza kumwongezea mtu hatari ya degedege. Asinunue kidonge chochote cha kuachia sigara kwa ushauri wa rafiki au wa mwenye duka la dawa. Aseme kwanza kwamba ana bipola.

Atanenepa kidogo. Kuacha sigara kunaleta njaa, na olanzapini na valproeti nazo zinaleta. Mbegu za maboga, karanga kiasi, ubuyu usiopakwa sukari na rangi, na kutembea jioni. Mkifika kliniki wampime uzito na sukari, basi, msianze vita vya sahani sasa hivi. Vita moja kwa wakati.

Na Shamsa asitumwe tena sigara na mtu yeyote, hata mgeni. Kumuuzia tumbaku mtoto chini ya miaka 18 kumekatazwa na sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003, na mwenye duka anajua, anajisahaulisha tu.

Wewe mwenyewe umeandika barua ndefu, na ndani yake hakuna mstari hata mmoja unaosema wewe unalala saa ngapi. Mwombe shemeji achukue zamu za usiku mbili tatu, si kutoa maoni tu.

Nimalizie na madirisha ya Mtumba. Usimkatalie. Mtu anayeambiwa hawezi hili hawezi lile, mwisho anaamini, na kazi yenyewe ni sehemu ya kupona kwake. Hatari ya kazi hii iko kwenye tarehe. Haraka maana yake ni kukesha, na kukesha sasa hivi hatuwezi kulipia. Aende kupima jengo, apige hesabu zake, lakini aombe muda unaomruhusu kufunga karakana saa kumi na mbili jioni, na tarehe hiyo iandikwe kwenye makubaliano. Kijana wake achomelee na kukata, yeye asimamie, mpaka daktari aseme mikono yake iko salama. Malipo ya awali yapokelewe mkiwa wawili na vyuma vinunuliwe kwa orodha, visikopwe. Mteja akisema tarehe hiyo ni mbali mno, kazi hiyo impite.